Mdogo wangu ameingia Scientology na simu zimepungua: tatizo ni kiongozi wao tu?

"Shikamoo Daktari. Mimi naishi Houston, na mdogo wangu wa kike, miaka 24, yuko Los Angeles. Alikuja kwa viza ya mwanafunzi. Rafiki wa kazini akampeleka kwenye kozi za Scientology, na mwaka jana akaacha chuo, akahamia kwenye nyumba zao na kusaini mkataba wa kuwatumikia, eti wa miaka bilioni moja. Mwanzo alipiga simu kila Jumapili. Nikamtumia video ya watu waliotoka huko wakisimulia kupigwa na kufungiwa na kiongozi wao mkuu. Akanijibu nisimtumie tena vitu hivyo. Tangu hapo anapiga mara moja kwa mwezi, dakika tano, kama vile kuna mtu pembeni yake. Mama yuko Tanga, hapati usingizi. Mjomba anasema hao ni Freemason, twende tukamchukue kwa nguvu. Binamu yangu anasema samaki huoza kuanzia kichwani, huyo kiongozi akiondolewa mambo yatanyooka, tusubiri. Je, yanayosemwa ni kweli? Kwa nini watu wazima wasiondoke tu? Na mimi nifanye nini?"

Marahaba, kaka, na pole. Mpe pole na mama.

Nianze na jambo ambalo hukuliuliza waziwazi ila limeenea barua nzima: kwamba pengine wewe ndiye uliyemsukuma mbali kwa ile video. Ulifanya ambalo kaka yeyote angefanya, usijitese. Lakini video hiyo ilimweka mdogo wako mahali pagumu, na ukielewa ni mahali gani utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya namna chombo kile kinavyoendeshwa. Nitafika huko. Kwanza nimalizane na mjomba.

Hao si Freemason, na hakuna majini wala kafara. Scientology ilianzishwa na Mmarekani L. Ron Hubbard, mwandishi wa hadithi za kubuni za kisayansi, aliyetoa kitabu cha Dianetics mwaka 1950 na miaka michache baadaye akayageuza mafundisho yake kuwa kanisa. Kazi yao ya msingi ni kikao. Unakaa mbele ya mtu, umeshika mikebe miwili ya chuma iliyounganishwa na kifaa kinachoitwa E-Meter, unaulizwa juu ya maisha yako, unajibu, sindano ya kifaa inacheza, mnaendelea. Wengi hutoka na nafuu ya kweli. Msichana mgeni katika jiji kubwa, anayesikilizwa saa nzima bila kukatizwa, kwa nini asirudi tena? Wazee waache kumwita mjinga.

Kozi za mwanzo ni za bei nafuu, za juu hugharimu maelfu ya dola. Asiye na fedha hizo ana njia nyingine ya kupanda, nayo ni kuingia Sea Org, kikosi cha watumishi wa kudumu. Hubbard alikiunda mwaka 1967 akiwa baharini na meli zake, ndiyo maana hadi leo wana sare na vyeo vya kibaharia. Mkataba wa miaka bilioni moja upo kweli. Wanaamini roho hurudi katika mwili mpya, na mtumishi akirudi atarudi kazini. Miaka hiyo bilioni haina nguvu mbele ya hakimu yeyote. Yanayomfunga mtu ni mengine.

Sasa, yanayosemwa ni kweli? Niyapange, maana hayana uzito mmoja.

Yapo yaliyothibitishwa mahakamani. Katika miaka ya 1970 Scientology iliendesha kazi ya siri iliyoitwa Operation Snow White. Watu wake waliingia katika ofisi za serikali ya Marekani, ikiwemo mamlaka ya kodi, na kuiba nyaraka. FBI ilivamia ofisi zao Julai 1977, na watu 11 wakatiwa hatiani, akiwemo Mary Sue, mke wa Hubbard. Ufaransa nako walitiwa hatiani kwa ulaghai mwaka 2009, na mahakama ya juu ikaikubali hukumu hiyo mwaka 2013.

Yapo yaliyosemwa kwa kiapo. Februari 2012, katika mahakama ya San Antonio, Texas, alitoa ushahidi Debbie Cook, mwanamke aliyeongoza kituo chao kikuu cha Clearwater, Florida, kwa miaka 17. Kanisa ndilo lililomshtaki, kwa madai kwamba amevunja mkataba wa kunyamaza. Akaeleza habari za mahali palipoitwa Shimo: ofisi ndani ya kambi yao karibu na Hemet, California, ambako wakuu zaidi ya mia moja walizuiliwa, wakilala sakafuni penye sisimizi na kulazimishwa kukiri makosa mbele ya wenzao huku wakizomewa. Yeye mwenyewe alikaa humo majuma saba mwaka 2007. Kuhusu ule mkataba wa kunyamaza, alisema wakati ule angesaini chochote kile ili mradi atoke.

Na yapo yaliyosimuliwa kwa waandishi wa habari. Mwaka 2009 gazeti la St. Petersburg Times la Florida lilichapisha maelezo ya waliokuwa wakuu, wakiwemo Mike Rinder, msemaji wa kanisa kwa miaka mingi, na Marty Rathbun. Walisema kiongozi wao, David Miscavige, alikuwa akiwapiga wasaidizi wake. Kanisa linakana yote na kusema hao ni watu wenye kinyongo, walioondolewa kwa makosa yao wenyewe. Hakuna mahakama iliyomtia Miscavige hatiani kwa lolote kati ya hayo. Ukitaka maoni yangu, kiini cha masimulizi hayo nakiamini. Waliotoka walitoka miaka tofauti, wengine kati yao hawapatani hata kidogo, na bado maelezo yao yanalingana. Tena baadhi yao walikiri kwamba wao pia waliwapiga wenzao. Mtu anayetunga uongo ili kumchafua bosi wake hana sababu ya kujipaka matope mwenyewe.

Kukiri huko ndiko kunakonifanya nisikubaliane na binamu yako.

Miscavige alizaliwa mwaka 1960. Mwaka 1968, yeye akiwa mtoto wa miaka minane, Hubbard alikuwa tayari anaamuru watumishi waliokosea watupwe baharini kutoka sitahani, mbele ya wenzao, meli ikiwa Corfu huko Ugiriki. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ametoa waraka kwamba aliyetangazwa kuwa adui anaweza kunyang'anywa mali, kudanganywa, kushtakiwa au kuangamizwa, na muumini atakayemtendea hivyo asiadhibiwe. Jina la sera ile, Fair Game, lilifutwa upesi. Waliotoka wanasema mwenendo wenyewe uliendelea. Mwaka 1974 kikaundwa kikosi cha adhabu, RPF. Waliopelekwa huko walifanya kazi za sulubu, walikula baada ya wengine, walitakiwa kukimbia badala ya kutembea, na hawakumsemesha mtu mpaka wasemeshwe. Haya yote yalikuwepo kabla huyo bwana hajashika hatamu. Samaki huyu, kaka, hakuanza kuoza juzi, wala si kichwani peke yake.

Hilo halimwondolei Miscavige lawama. Hubbard alipofariki Januari 1986 hapakuwa na uchaguzi, wala baraza la wazee, wala mkutano wa waumini, na baada ya muda mfupi washindani wake walikuwa wamewekwa kando. Anaongoza kupitia shirika liitwalo Religious Technology Center, linalosimamia alama za dini hiyo na maandiko yake. Wale ambao wangeweza kumwambia "hapana" ni wakuu wa idara, na hao ndio hasa ambao, kwa ushahidi wa Cook, walijazwa Shimoni. Cook hakuwa amemkana Hubbard. Mwaka ulipokuwa unageuka kuingia 2012 aliwaandikia maelfu ya waumini wenzake, akitumia maandiko ya Hubbard huyohuyo, kulalamikia michango isiyokwisha na madaraka kukusanywa mikononi mwa mtu mmoja. Aliwaza kama anavyowaza binamu yako: tumrekebishe wa juu, nyumba itakaa sawa. Alichojibiwa ni hati ya mashtaka.

Kuna fundisho moja ambalo naona ndilo linaloshikilia kila kitu, na ni la Hubbard, si la Miscavige. Wanafundishwa kwamba mtu anayelalamika, au anayetaka kuondoka, anaficha uovu alioutenda. Tulia na hilo kidogo. Mkubwa wako amekupiga, umesema umeonewa. Swali linalofuata haendi kuulizwa yeye, unaulizwa wewe: umefanya nini unachokificha? Unarudishwa kwenye E-Meter, unahojiwa kwa saa nyingi, na kwa kuwa hakuna binadamu asiye na la kuficha, kitapatikana kitu. Ukishakiri unajisikia mwepesi, unaomba radhi, na lile lalamiko limezikwa. Mateso ya namna hii hayahitaji mtu wa kuyaficha, maana aliyeteswa anayafuta kwa mkono wake mwenyewe. Ongeza na ripoti: kila mmoja anatakiwa kuandika kosa la mwenzake aliloliona, na akinyamaza anahesabiwa kuwa amekosa naye. Ongeza na majalada ya vikao, yenye siri zote alizowahi kuzitamka. Katika mazingira hayo hata mtu mpole hujikuta anampigia kelele mwenzake, akihofia zamu yake.

Hapo ndipo video yako ilipoangukia. Wana jina la mtu anayeipinga Scientology, tuseme mkandamizaji, na anayeendelea kuwa karibu naye huhesabiwa kuwa chanzo cha matatizo. Huyo hawezi kupanda ngazi mpaka moja kati ya mawili litimie: amtulize ndugu yake, au akate uhusiano naye. Amri ya kukata uhusiano ilifutwa mwaka 1968 na kurudishwa mwaka 1983. Kanisa linasema ni uamuzi wa hiari wa kila muumini. Sijui ndani ya nyumba ile mdogo wako aliulizwa nini. Ila kwa ninavyoujua utaratibu wao, jibu lake kali na zile dakika tano huenda ndiyo njia yake ya kukutuliza ili asilazimike kukukata. Nakuomba usizidharau dakika hizo tano.

Mbona watu wazima hawaondoki? Kwa kawaida hakuna minyororo. Marc na Claire Headley, mume na mke waliotumika miaka mingi kwenye ile kambi ya karibu na Hemet, walilishtaki kanisa kwa madai ya kulazimishwa kazi. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa iliwakatalia, ikasema walikuwa na simu, magari na nafasi nyingi za kuondoka, na kwamba hofu ya kutengwa na ndugu waliobaki ndani haitoshi kuitwa kulazimishwa kisheria. Mimi si mwanasheria, lakini kama mtu anayekaa na familia hizi naona mahakama ilieleza vizuri sana kwa nini watu hawatoki, bila kukusudia. Posho, kwa maelezo ya waliotoka, ni kama dola 50 kwa juma. Huna akiba, huna pa kulala, marafiki zako wote wako ndani, na ukitoka unaletewa ankara ya kozi ulizozipata bure. Na zaidi ya hayo yote, mtu anaamini kwa moyo wake kwamba anaiokoa dunia. Mdogo wako akiwa kazini saa nne za usiku, hajioni mfungwa. Anajiona askari.

Ndiyo maana ya mjomba naikataa kabisa. Marekani, kumteka mtu mzima ili kumbadilisha imani ni jinai, na kuna historia yake. Katika miaka ya 1990 lilikuwepo shirika la Cult Awareness Network lililozisaidia familia kama yenu. Likahusishwa na kisa cha kijana wa kanisa jingine kabisa aliyechukuliwa kwa nguvu, mwaka 1995 baraza la mahakama likaamuru alipwe fidia kubwa, shirika likafilisika, na aliyenunua jina lake alikuwa muumini wa Scientology. Familia zilizopiga simu baadaye zikawa zinapokewa na upande wa pili. Mweleze mjomba kisa hicho, nadhani kitamtosha.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwandikie ujumbe mfupi, usio na mtego: "Nilikutumia kitu bila kukuuliza, nisamehe. Sitaki kubishana juu ya imani yako. Mama anakusalimu, mwembe wa nyuma umezaa mpaka tawi linataka kukatika. Siku yoyote, saa yoyote, kwangu pana kitanda na nauli, na sitakuuliza swali." Kisha uishi hivyo. Simu ikija, zungumza habari za nyumbani: nani ameoa, nani anaumwa, mpira. Usimtaje Miscavige. Usimuulize "wanakutesa?", kwa sababu kama kuna mtu anasikiliza unamlazimisha aseme uongo, na uongo aliousema kwa mdomo wake humfunga zaidi. Akilalamika jambo dogo, kwamba amechoka au chakula si kizuri, usilirukie kama mwendesha mashtaka. Mwambie pole, basi. Watu wengi waliotoka husimulia kwamba walianza kutoka kwa uchovu na kumkumbuka mtu fulani wa nyumbani, muda mrefu kabla ya kuanza kulitilia shaka fundisho. Usimlipie kozi wala michango, hata akikuomba kwa machozi, ila mwambie nauli ya kuja kwako haina masharti. Na usimwandike kwa jina mitandaoni, hata kwa nia njema. Hilo ndilo linalogeuza kaka kuwa mkandamizaji kwa siku moja.

Kinachonitia wasiwasi kuliko Shimo, kusema kweli, ni viza. Mwenye viza ya mwanafunzi akiacha chuo hupoteza uhalali wa kukaa. Huenda wamemwombea viza ya mtumishi wa dini, R-1, ambayo hutolewa kwa miezi hadi 30 na haizidi miaka mitano, nayo inategemea mwajiri aliyeiomba. Maana yake akiondoka kwao, anaondoka na ukaaji wake. Wewe tafuta sasa hivi, kabla hajakuomba, mwanasheria wa uhamiaji asiye na uhusiano wowote na kanisa, umweleze hali yake. Sheria ya Marekani inakataza kushikilia pasipoti ya mtu ili kumbana kazini, na ipo viza maalumu, T, kwa waliothibitika kuwa waathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu. Si jambo la kumwahidi kwenye simu. Ni jambo la kulijua.

Habari za kudai fidia ziache kwanza. Mikataba yao huwa na kipengele kinachopeleka mgogoro kwa wasuluhishi wa kanisa lenyewe, na mahakama hazijakubaliana. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ya California ilisema kipengele hicho hakimfungi mtu kwa mambo yaliyotokea baada ya kuiacha imani, lakini mwaka 2023 jaji wa Tampa, katika kesi ya watu watatu waliotumika tangu utotoni, akawarudisha kwa wasuluhishi haohao.

Upo wakati wa kuacha upole na kupiga simu. Akisema anataka kutoka na anazuiwa, au pasipoti amenyimwa, piga 911, namba ya dharura ya huko, au ile simu ya taifa ya Marekani ya waathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu. Polisi wanaweza kwenda kumwona na kumhoji peke yake. Wajue kwamba unataka aulizwe faragha, la sivyo atajibu mbele ya mkubwa wake. Akiwa mgonjwa, hasa wa akili, usisubiri hata siku moja. Scientology inaipinga vikali tiba ya magonjwa ya akili. Mwaka 1995 Lisa McPherson, muumini wa miaka 36, alichanganyikiwa baada ya ajali ndogo ya gari huko Clearwater. Waumini wenzake walimtoa hospitali wakamweka kwenye hoteli yao, na baada ya siku 17 akafa. Mashtaka ya jinai dhidi ya kanisa yalifutwa mwaka 2000, na kesi ya familia ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2004. Kama mdogo wako aliwahi kutumia dawa za kifafa, za msongo au za usingizi, nataka ujue leo kama bado anazo.

Ikifika siku ya kutoka, lipo shirika la Marekani liitwalo Aftermath Foundation, lililoanzishwa na watu waliotoka, linalowasaidia wa Sea Org kupata pa kulala, usafiri na mwanzo wa kazi. Wewe nawe tafuta mshauri wa familia wa kuonana naye ana kwa ana hapo Houston. Jambo hili linaweza kuchukua miaka, na hutaweza kulibeba kwa ujumbe wa usiku kati yako na mjomba.

Mama asiambiwe habari za Shimo na video. Mwombe awe anamrekodia binti yake ujumbe wa sauti, wa kawaida kabisa, asilie ndani yake kama anaweza. Na kama nakala ya pasipoti ya mdogo wako na cheti chake cha kuzaliwa viko Tanga, vipigwe picha vitumwe kwako wiki hii: akitoka bila pasipoti, ubalozi wenu Washington unaweza kumpa hati ya dharura ya safari, na huko watakachouliza kwanza ni uthibitisho kwamba yeye ni Mtanzania.